Radhi ya Mjukuu wa Akida

Nilikwenda Maskati kwa sababu ya bibi mmoja aliyetaka kusamehewa kosa ambalo hakulitenda. Jina lake Bi Zuwena. Mdogo wangu Sikudhani, au Siku tunavyomwita, ndiye anayemhudumia nyumbani kwake Ghubra: anampikia, anamwogesha, anamkumbusha dawa na kugombana naye kuhusu chumvi. Siku moja wakiwa jikoni bibi alimuuliza kwao hasa ni wapi, na Siku, ambaye tangu azaliwe hajawahi kujibu swali kwa ufupi, akamweleza mpaka kilima na mto. Bi Zuwena akasema kwamba babu yake mzaa baba alikuwa akida kwenye vilima hivyo hivyo vya Matumbi, zama za Mjerumani, na kwamba huko ndiko alikouawa.

Kwa asiyejua, akida alikuwa mtu wa serikali ya Wajerumani, mara nyingi Mwarabu au Mswahili wa pwani, aliyepelekwa bara kuwasimamia majumbe wa vijiji na kukusanya kodi. Kwetu neno hilo mpaka leo halimsifu mtu. Mtoto akiwa anaamrisha wenzake kwenye mchezo bila kushika chochote, anaitwa akida.

Bi Zuwena alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Kama ilivyo desturi ya Waislamu wanaokwenda Makka, alikuwa akizunguka kwa ndugu, majirani na watu aliowahi kukosana nao, akiwaomba radhi, ili asiende na haki za watu mgongoni. Aliwamaliza wote wa Maskati na waliobaki Unguja akawapigia simu. Ikabaki haki ya watu wa Matumbi kwa babu yake, na hiyo ilimnyima usingizi. Akamwomba Siku radhi pale pale jikoni. Siku akasema yeye mdogo, hana mamlaka hayo, ila ana dada yake mwalimu wa historia. Baada ya wiki chache nikatumiwa tiketi.

Nyumbani safari ilizungumzwa kuliko harusi. Mama aliogopa jambo moja tu. "Nenda, lakini mdomo wako tunaujua. Usije ukamharibia mwenzio kazi." Shangazi Mwanjaa alikuwa na lake. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, ndiye anayeshika unga wa mtama ukoo unapokuwa na jambo la kuwaeleza waliotangulia, na asubuhi inayofuata husali Alfajiri kama kawaida. Alinikalisha akaniambia, "Kwetu kosa likifunikwa halisamehewi. Mwenye kuomba alitaje kwa mdomo wake, sisi tusikie. Akilitaja, niletee maneno yake. Asipolitaja, kula wali wake urudi."

Njia Nne nilipanda basi la Dar es Salaam nikiwa na mkoba mmoja na hotuba kichwani. Siwezi kuficha, hotuba hiyo nilikuwa nimeiandaa kwa raha. Nimefundisha Vita vya Maji Maji sehemu kubwa ya maisha yangu kwa watoto wanaosinzia baada ya chakula cha mchana, na sasa nilikuwa napelekwa kwa ndege kumfundisha mjukuu wa akida. Mpaka tunavuka Rufiji nilikuwa nimeirudia hotuba mara kadhaa, kila mara nikiwa mkali zaidi.

Uwanja wa ndege Dar ulikuwa umejaa wasichana. Wengine walikuwa wanakwenda kazini kwa mara ya kwanza, unawajua kwa jinsi wanavyoishika pasipoti kwa mikono miwili. Ndani ya ndege nilikaa na dada mmoja wa Uganda, Grace, aliyekuja likizo kwa rafiki yake Dar na sasa alikuwa anarudi kwa bosi wake. Aliniuliza kama na mimi nakwenda kufanya kazi za nyumbani, akaniangalia nywele zangu zenye mvi akajirekebisha.

"Ama unaenda kuona mtoto, madam?"

"Naenda kuombwa radhi."

"Na nani?"

"Na bibi mmoja wa Kiarabu."

Grace alicheka mpaka abiria wa mbele akageuka. "Ukimaliza ya kwako, uliza kama kuna ya mimi pia," akasema, akafunga macho akalala.

Maskati tulifika mchana. Nilikuwa nimeambiwa kuna joto nikadhani ni maneno ya watu wa Dar wanaolalamika kwa kila kitu, lakini mlango ulipofunguliwa nilipokea upepo kama wa kufunua sufuria ya ubwabwa. Siku alikuwa ananisubiri nje pamoja na Nassor, mtoto wa Bi Zuwena, mtu wa makamo mwenye kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi hata moja. Siku alikuwa amenenepa. Nilimwambia, akaniambia na mimi nimezeeka, tukakumbatiana.

Njiani nilitazama mji. Nyumba zote nyeupe au rangi ya mchanga, hazipandi juu sana, na nyuma yake milima mitupu, haina hata jani. Mtu wa Matumbi akiona mlima usio na mti hujiuliza aliyeukata alikuwa na shida gani. Barabara ni pana na hakuna anayepiga honi. Nassor alinionyesha njia ya kwake Madinat Sultan Qaboos, akanionyesha misikiti, kisha akashusha sauti.

"Dada, mama ni mtu mzima, moyo wake si mzuri. Khabari hizo za zamani zimemkaa kichwani. Wewe mwambie umesamehe, basi, akasafiri na roho yake imetulia. Na babu alikuwa mtu mpole, wallahi. Sie tumekua tukiambiwa hivyo. Waliomuua hawakumjua."

Nilitazama dirishani. Hotuba yangu ilikuwa tayari kutoka, lakini nilimkumbuka mama, nikasema mji wao ni msafi.

Jioni ya siku hiyo ndipo nilipofanya jambo lililowaudhi wote. Kumbe wao walishapanga kila kitu. Sebuleni walikuwepo ndugu wa kike wa Bi Zuwena, wakwe na watoto, udi umefukizwa, halwa iko mezani, na jikoni biriani inasubiri. Kwao radhi ni kitu cha kupeana kwa mapenzi na haraka: mmoja anaomba, mwingine anasema nimekusamehe dunia na akhera, mnakunywa kahawa. Anayechelewesha jibu anaonekana ana roho mbaya.

Bi Zuwena alikuwa mwembamba, amejifunga kanga, anatazama kwa makini kama fundi wa saa. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mikono yote miwili asiiachie.

"Mwanangu, ahsante kwa kuja. Mie nnakwenda kwa Mola wangu, nnataka niende mwepesi. Babu yangu kama aliwakosea watu wenu, nnakuombeni radhi. Mtusamehe."

Chumba kizima kilinigeukia. Vikombe vya kahawa vilikuwa vimeshamiminwa.

"Bibi," nikasema, "alikosea nini?"

Niliuliza kwa upole kadiri nilivyoweza. Nikaeleza kwamba si mimi ninayesamehe, ni ukoo, na kwetu mwenye kuomba hulitaja kosa lenyewe. Neno "kama" haliwezi kusafirishwa mpaka Matumbi. Ndugu mmoja wa kike aliinua kikombe chake akakirudisha bila kunywa. Nassor alisema kitu kwa Kiarabu, kifupi. Bi Zuwena akaniachia mikono akasema chakula kitapoa, tukala biriani nzuri kuliko zote nilizowahi kula, na hakuna aliyezungumza nami isipokuwa kuniongezea nyama.

Ijumaa Siku ana nafasi baada ya mchana, akanipeleka Khuwair ya Kusini, kwenye maduka ambako anakutana na wenzake na kununua unga wa sembe. Huko unasikia Kiswahili cha kila aina: cha Tanga, cha Mombasa, cha wasichana wa Kampala wanaochanganya na Kiingereza, na katikati yake maneno ya Kiarabu ya kazini. Siku hakuniambia neno mpaka tulipokaa na vikombe vya chai ya maziwa.

"Dada, wewe utapanda ndege. Mimi nabaki mle ndani."

"Wamekusema?"

"Hawajasema. Ndiyo ubaya wenyewe, hawasemi. Mama kubwa hajala tangu jana. Ananiuliza, 'Siku, nyumbani kwenu wanasema nini juu ya babu yangu?' Nimwambie nini? Hivi usingeweza kusema tu tumesamehe?"

"Ningeweza. Shangazi angeuliza kasema nini, ningemjibu nini?"

"Ungemdanganya."

Tukatazamana, kisha tukacheka bila kutaka, maana hakuna aliyewahi kumdanganya Shangazi Mwanjaa akafanikiwa. Lakini nilirudi Ghubra moyo wangu ukiwa mzito. Nilimhurumia yule bibi, na huruma hiyo sikuja nayo kutoka nyumbani.

Jumamosi asubuhi Bi Zuwena alituma niitwe chumbani kwake. Nassor alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Bibi alikuwa juu ya mkeka wa kusalia bado, amejiegemeza ukutani.

"Nambie unachokijua wewe," akasema. "Usinionee haya."

Basi hotuba niliyoiandaa ikanitoka kichwani yote, nikamsimulia kama bibi yangu alivyonisimulia, ambaye naye aliambiwa na mama yake aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo.

Nilimwambia haikuanza kama vita. Ilianza kama manung'uniko. Mjerumani alisema kila nyumba itoe kodi, na itolewe kwa rupia. Kwetu watu walikuwa na mtama, asali, nta na mpira wa msituni, rupia hawakuwa nazo. Asiyekuwa nazo alifanyishwa kazi. Watu wakanung'unika lakini wakatoa, wengine wakahamia msituni. Kisha ikaja pamba. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba la pamba, watu wakalilime kwa zamu, na msimu wa kulima pamba ulikuwa ndio msimu wa kulima chakula. Kwa hiyo kodi sasa ilikuwa inatolewa mara mbili, kwa mfuko na kwa mgongo. Wakaenda kwa akida kulalamika, kwa heshima, wakiwa wamekaa chini. Waliokwenda kulalamika wakachapwa kiboko.

"Hapo ndipo ilipogeuka, Bibi. Watu walikuwa bado wanadai nafuu ya kodi. Walipoona hata kudai ni kosa, wakaacha kudai nafuu, wakaanza kusema Mjerumani aondoke. Ikaja habari ya dawa ya maji kwamba risasi itageuka maji. Watu wa vilima ambao walikuwa hawaoani wakanywa dawa moja. Wakaenda kwenye shamba wakang'oa pamba. Hawakuanza na mtu, walianza na miche. Baada ya miche ndipo wakaenda kwa akida."

Sikumficha na yaliyofuata. Moto ukaenea kusini yote, risasi hazikugeuka maji, na Mjerumani alipoona hawamalizi watu kwa bunduki akachoma maghala. Waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa vitani. Nilimwambia pia kwamba bibi yangu, chama cha uhuru kilipokuja kijijini akiwa mama wa watoto, alichukua kadi siku ya kwanza na kusema tu kwamba hii ni ile ile, safari hii bila dawa.

Nassor alikuwa ameinamisha kichwa. "Sie hatukuambiwa hivyo," akasema.

"Wewe hukuambiwa," mama yake akamjibu. "Mie niliambiwa."

Akaomba maji, akanywa polepole.

"Baba yangu alikuwa kijana mdogo, amekwenda kumtembelea babake huko juu kabla ya vita. Mwisho wa uhai wake alinambia. Alisema barazani pale walikuwa wakifungwa watu kwenye nguzo, wanaume kwa wanawake, jua linawapiga, wasiokuwa na rupia. Yeye akitaka kutoka kucheza, inambidi apite katikati yao. Mwanamke mmoja alimwomba maji, akaenda kumletea, babake akayamwaga. Baba alilia akinambia, na alikuwa mzee. Akasema, 'Zuwena, usiwaambie wanao.' Nami sikuwaambia. Nikawaambia alikuwa mpole."

Nassor aliinuka kitandani. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na mama yake, kanzu yake ikapata kunyanzi.

"Hiyo simu yako inashika sauti?" bibi akaniuliza.

Nikaitoa. Alijiweka sawa mtandio kana kwamba anapigwa picha, akaanza. Alijitaja yeye, akamtaja baba yake na babu yake. Kisha akataja: aliwafunga watu wenu juani. Aliwachapa waliokuja kulalamika. Aliwanyima maji. Aliwatoa mashambani mwao msimu wa kulima. Alifanya kwa ajili ya Mjerumani na kwa ajili ya nafsi yake pia, maana alipata fungu. Alipomaliza akasema, "Haya ndiyo nnayoyajua. Kama yapo mengine, yatajeni nyie, nami nayaombea radhi hayo pia."

Siku alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Bibi aliutaka, akaula wote, akasema hauna chumvi.

Jumatatu niliondoka. Nassor alinipeleka uwanjani mwenyewe, na njiani aliniuliza maswali kama mwanafunzi anayekaa mbele: pamba ilikuwa inapelekwa wapi, majumbe walikuwa akina nani, watoto wa waliochapwa wako wapi leo. Nilimjibu moja baada ya jingine. Tulipoagana aliniambia, "Msalimie shangazi yako," kwa namna ya mtu anayemwogopa kidogo.

Kijijini nilifika nimechoka na vumbi la njia ya kupanda vilimani, lakini Shangazi Mwanjaa hakunipa nafasi hata ya kuoga vizuri. Asubuhi ukoo ulikusanyika uani kwake. Alikuwepo na imamu wa msikiti wetu, ambaye ni mpwa wake na huwa anajifanya hauoni ule unga. Niliweka simu juu ya kinu kilichofunikwa, nikaongeza sauti. Kiswahili cha Unguja kikasikika pale uani, kinataja kosa moja baada ya jingine. Kuku walikuwa wanapita, na hakuna aliyewafukuza. Sauti ilipokatika, mjomba wangu mmoja alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

Shangazi alikuwa wa kwanza kusema.

"Aliyoyataja ndiyo. Kasahau kuku. Alikuwa anachukua na kuku."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikawafungua. Wakazungumza mmoja mmoja. Binamu yangu mmoja alisema yeye hasamehi, babu zake walikufa njaa, na akaachwa aseme mpaka mwisho bila kukatizwa. Wengine walisema imetosha. Mwisho Shangazi alichukua unga, akaenda pembeni akasema na waliotangulia maneno yake, imamu akasoma dua, na ikawa ukoo umetoa radhi. Yule binamu aliitikia amina, kwa sauti ndogo, lakini nilimsikia.

Nilidhani tumemaliza. Shangazi akaniambia nimpigie simu bibi mwenyewe, ana jambo lake. Nikapiga. Siku akapokea, akampa. Wazee wawili wakaanza kusalimiana, ikachukua muda, mara hali, mara watoto, mara mvua, ambayo Maskati haipo.

"Radhi tumekupa," Shangazi akasema. "Nenda Makka. Na sisi tunaomba ya kwetu."

"Yepi, mwenzangu?"

"Babu yako tulimuua sisi. Watu wa ukoo huu. Tukamzika bila sanda, kwa haraka, bila kumwosha, vita ilikuwa inatujia. Na hatukuwaambieni. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Katika miaka yangu yote ya kufundisha vita hii nimesomesha nani alianza, nani alishinda na kwa nini. Sikuwahi kujiuliza aliyeuawa alizikwa na nani, wala kuwauliza watu ninaoishi nao. Nilimtazama Shangazi wangu kama mgeni.

"Kwani alizikwa?" sauti ya Bi Zuwena ikauliza.

"Alizikwa."

"Sie tuliambiwa kaachwa porini, kaliwa na fisi. Baba yangu kafa na hilo." Kisha ikasikika pumzi ndefu. "Nimemsomea Yasini tangu utoto, sijui hata nnamsomea wapi."

"Yuko hapa, upande wa mto," Shangazi akamwambia. "Aliyemzika alikuwa Mwislamu, alimgeuza Kibla. Ukitoka Makka, pitia kwetu umwone."